Jinsi Ghumur Alivyousikiliza Wimbo Mmoja Hadi Mwisho

Nyamazeni, enyi mlioketi, na ninyi mliosimama kwa kukosa pa kuketi. Mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, mwenye mtoto alizaye ambembeleze, na mwenye mbuzi amfunge mbali, maana habari ijayo si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wako waliosimulia vita vya wafalme, na miji iliyoteketezwa, na farasi waliovuka mito ya damu. Nasi hatuwabezi, kila mtu na kazi yake. Lakini ni nani miongoni mwao aliyesimulia siku ile katika bonde la Tin-Tarabat, chini ya milima ya Aïr, siku ya pili ya tamasha, baada ya sala ya alasiri, Ghumur mwana wa Alkabusi alipokwenda kutazama bendi, na akaitazama? Hakuna. Kazi hiyo imeachiwa sisi, nasi tumeipokea kwa mikono miwili na kwa uso usiocheka.

Ewe Mola uliyeumba mchanga usiohesabika na ngamia asiyeambilika, utuongoze tusiongeze neno. Na tukiongeza, liwe zuri.

Ghumur huyu, kwa wasiomjua, alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, mrefu, mkavu kama kamba ya kisimani, mwenye kilemba cha dhiraa kumi na sita. Aliwahi kuendesha lori la vitunguu kutoka Agadez hadi mpaka wa kaskazini bila breki, akafika kabla vitunguu havijajua vimeondoka. Aliwahi kumuua nyoka kwa kiatu, tena kiatu cha mguu uleule ambao nyoka alikuwa amekwisha kuanza kuupanda. Hakuogopa dhoruba, hakuogopa majambazi, hakuogopa hata ofisa wa kodi. Aliogopa kiumbe kimoja tu chini ya jua, na hofu hiyo haikuwa aibu bali adabu: alimwogopa mama mkwe wake.

Jina la bibi huyo halitaandikwa hapa. Ghumur hajawahi kulitamka, nasi hatujioni kuwa majasiri kumpita yeye. Tutamwita Bibi Mkubwa, basi.

Kwa miaka kumi na mmoja, tangu amwoe Raishatu, Ghumur alikuwa ameishika sheria ya wakwe kama askari ashikavyo lindo. Hakula mbele ya Bibi Mkubwa. Hakunywa. Hakumwonyesha kinywa, wala pua, wala neno. Bibi akitokea mashariki, yeye alikumbuka shughuli magharibi. Mara moja tu walikaribia kugongana, nyuma ya hema la kuwekea uwele, na Ghumur, kwa kukosa njia ya kutorokea, aliingia ndani ya gunia. Alikaa humo mpaka adhuhuri. Wazee walilisifu tendo hilo kwa muda mrefu.

Sasa, siku tano kabla ya tamasha, Raishatu alikuwa akitwanga uwele, akasema bila kuinua kichwa:

"Mama katunga wimbo."

"Mungu amzidishie," akasema Ghumur. "Wa nini?"

"Si wa nini. Wa nani."

"Wa nani?"

"Wako."

Mchi ukaendelea kutwanga. Ghumur alikuwa amesimama, akakaa chini. Kisha akasimama tena, maana alikuwa amekalia kuni.

"Unanisifu au unanichafua?"

"Una masikio mawili, baba watoto. Bendi ya Wana wa Kisima itaupiga tamashani, siku ya pili, alasiri. Nenda kasikilize."

"Niambie ubeti mmoja tu. Hata nusu."

"Mama kasema asiyekuja mwenyewe asihadithiwe. Na asiyeufikia ubeti wa mwisho ajihesabu hakuja."

"Na yeye atakuwapo?"

"Ghumur, wimbo ni wake. Ataketi mbele kabisa, na ngoma miguuni. Ulitaka aketi wapi, kisimani?"

Hapo ndipo vita vilipotangazwa, na wenye akili wataona ukubwa wake mara moja. Jeraha la upanga hupona, lakini wimbo wa mwanamke wa Aïr hauponi. Katika bonde la jirani palikuwa na mtu aliyeimbwa kwa sababu ya kunyima chumvi. Alihamia Libya, akafia huko, na hadi leo wajukuu zake wanaitwa Wana wa Chumvi, nao ni watu wakarimu sana. Ghumur aliyajua hayo. Usiku ule alifungasha mkoba: kanzu mbili, redio, na kipande cha jibini kavu. Wimbo ukiwa wa lawama, angeelekea kaskazini jioni ileile, amwache Raishatu na watoto na kisima na kila alichokipenda, kwa kuwa mtu hawezi kuteka maji mahali ambapo hata ndoo inamcheka.

Wala haikuwezekana kusikiliza kwa mbali. Spika ya kushoto ilikuwa imefariki siku ya kwanza ya tamasha, saa nne asubuhi, ikiwa katika huduma. Ya kulia ilikuwa hai lakini ilitoa sauti kama mtu anayesema ndani ya mtungi, na upepo wa alasiri uliyachukua maneno yote ukayapeleka kwa mbuzi. Asiyekaa ndani ya hatua thelathini alisikia gitaa tu. Kwa hiyo Ghumur alitakiwa akae ndani ya hatua thelathini kutoka kwa mtu ambaye, kwa miaka kumi na mmoja, hakuwahi kumkaribia ndani ya mia tatu. Tafakarini.

Siku ikafika. Jua likainama. Ghumur akafunga kilemba kipya, kilichotiwa nili kwa wingi hata kikang'aa kama mgongo wa mbawakawa, akatundika mkoba begani, akashuka kuelekea uwanja wa tamasha kwa hatua za mtu aliyekwisha kuusamehe ulimwengu.

Akapita mbele ya hema la Aghali.

Aghali huyu alikuwa mtoto wa shangazi yake na, kwa hiyo, mtani wake halali, mwenye ruhusa ya kumtukana kuanzia kuzaliwa hadi mazishini. Alikuwa ameketi juu ya mkeka, birika dogo la buluu mbele yake, akipepea makaa kwa kipande cha boksi.

"Ghumur! Wapi na kilemba hicho? Unaoa tena?"

"Napita tu, Aghali."

"Anayepita hupita na chai. Keti."

Hapa msomaji atauliza kwa nini hakukataa. Msomaji huyo hajalelewa na watu wa Aïr. Chai ikishakaribishwa ni glasi tatu, na anayeondoka kabla ya ya tatu ni afadhali angetema mate katika birika. Ghumur akaketi. Kutoka uwanjani, gitaa la kwanza likasikika likipimwa sauti.

Aghali akamimina ya kwanza kutoka juu sana, akairudisha birikani, akaimimina tena, akairudisha tena, akaonja, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Bado."

"Mbona imekuwa nyeusi kama wino?"

"Nyeusi ndiyo. Lakini haijaamini."

Ghumur akaipokea ya kwanza, akaipitisha chini ya kilemba, akaimeza. Aghali akaongeza sukari kwa ajili ya ya pili, punje kwa punje, kama mtu anayewapa watoto yatima.

"Mkoba nimeuona," akasema. "Umefungasha?"

"Nimefungasha."

"Ukienda Libya, niachie redio."

"Redio imo ndani ya mkoba."

"Basi niachie tandiko la ngamia."

"Tandiko niliuza mwaka wa ukame, unajua."

"We mtu huna faida hata ukiondoka." Akapepea makaa. "Mimi wimbo nimeusikia, lakini."

Ghumur akageuka kwa kasi hata mkia wa kilemba ukampiga usoni. "Mwongo!"

"Wallahi. Wanawake walikuwa wanafanya mazoezi kule korongoni, nami namtafuta punda. Nikausikia wote."

"Unasemaje?"

"Unasema..." Aghali akafunga macho, akainua birika juu kabisa, chai ikashuka kama uzi, ikatoa povu. "Unasema chai ya pili iko tayari. Kunywa."

"Aghali!"

"Kunywa, mwana wa mjomba. Mtu hafi na glasi mkononi."

Ghumur akainywa. Kisha akasimama, akaweka mkono kifuani, na kwa sauti ambayo wapitao njiani walisimama kuisikiliza, akatoa hotuba ifuatayo, nasi tunaiandika yote bila kupunguza:

"Ewe Aghali, mwana wa shangazi yangu, na ninyi makaa, mnishuhudie! Leo sitakwenda kama panya wala sitarudi kama panya. Nitaitazama bendi hii kwa macho haya mawili, nitausikiliza wimbo huu tangu uzi wa kwanza hadi uzi wa mwisho, na ukiwa asali nitailamba, na ukiwa sumu nitaimeza nikiwa nimekaa! Hakuna upepo, wala mchanga, wala mwanadamu atakayeniondoa kabla ya ubeti wa mwisho!"

"Amina," akasema Aghali. "Sasa keti, makaa yamezima."

"Yamezima?"

"Hayajazima kabisa. Yamepumzika."

Kutoka uwanjani ikasikika ngoma, kisha vigelegele. Bendi imeanza. Ghumur akapiga magoti, yeye mwenyewe, akayapuliza makaa hata majivu yakampaka ndevu, na chai ya tatu ilipochemka hakungoja imiminwe kutoka juu. Aliipokea ikiwa moto wa jahanamu, akaimeza kwa funda moja, akasema "Shukrani," au neno linalofanana nalo, akaondoka. Hali ya ulimi wake haikuandikwa popote.

Sasa tuutazame uwanja, kama majemadari wautazamavyo. Wana wa Kisima walisimama juu ya mazulia mawili yaliyotandikwa mchangani mbele ya lori: magitaa matatu, moja likiwa na uzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli, na nusu kibuyu kilichofudikizwa juu ya maji ya beseni, kinachopigwa kwa kandambili. Mbele yao wanawake waliketi chini kwa nusu duara, na katikati ya wanawake, ngoma miguuni, mgongo umenyooka kama mlingoti, aliketi Bibi Mkubwa. Nyuma ya wanawake walisimama wanaume, na nyuma ya wanaume ngamia waliopambwa. Mahali pote palijaa. Lakini upande wa kulia, hatua kumi tu kutoka ngomani, alipiga magoti ngamia mmoja mweupe, mpana kama ghala. Huyo alikuwa Tafsit, ngamia wa Bibi Mkubwa mwenyewe.

Ghumur akamwona, akatabasamu ndani ya kilemba. Ngamia yeyote mwingine, akijiwa na mtu asiyemjua, angelalama mpaka Agadez wajue. Tafsit asingelalama. Kila alfajiri kwa miaka kumi na mmoja, kabla Bibi Mkubwa hajaamka, Ghumur ndiye aliyemtekea maji, akampa na tende tatu kutoka katika mkunjo wa kilemba chake. Walikuwa marafiki wa zamani. Angejificha nyuma yake, asikie kila neno, na asionekane na yeyote.

Ulikuwa mpango usio na kasoro. Lakini alasiri ile, akifunga kilemba kipya, mikono yake, kwa mazoea ya miaka kumi na mmoja, ilikuwa imetia katika mkunjo tende tatu.

Alikwenda kwa tumbo. Alipita nyuma ya wanaume, alipita kando ya jenereta, alipita chini ya kamba, mchanga ukiingia katika mikono ya kanzu, mpaka akafika nyuma ya Tafsit, akajikunja huko kimya, kama mwanafunzi aliyerudi bwenini baada ya kengele. Hakuna aliyemwona. Akainama, akachungulia kupitia penye upenyo, chini ya shingo ya ngamia, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Ghumur akaitazama bendi.

Aliona viatu vya bendi.

Vilikuwa viatu vizuri. Viwili vilikuwa vya ngozi, vingine vya plastiki, na vilipiga mchanga kwa pamoja bila kukosea. Ghumur alivitazama kwa nyimbo mbili nzima, kwa heshima.

Kisha muziki ukatulia, na Ilias, mpiga gitaa mkuu, akasogelea kipaza sauti.

"Wimbo unaofuata," akasema, "katutungia mama yetu huyu aliyeketi hapa. Kautunga kwa ajili ya mtu ambaye, hata akiwapo, hayupo."

Wanawake wakacheka, kicheko kile cha chini kinachoanza kwa mmoja kisijue kitaishia kwa nani. Ghumur akaushika mkoba wake. Gitaa likaanza polepole, mwendo wa ngamia asiye na haraka, makofi yakaingia, na Ilias akaimba:

*Binti yangu aliolewa na mgongo,*
*mgongo mrefu, mgongo wa buluu.*
*Nikitoka hemani kuangalia jua*
*mgongo huo unapanda kilima.*

Uwanja wote ukapasuka kwa kicheko. Mzee mmoja alilazimika kushikwa. Nyuma ya ngamia, Ghumur akaukaza mkanda wa mkoba begani. Ni lawama, akajiambia. Ni lawama, na beti nyingine bado zinakuja, na wajukuu zangu wataitwa Wana wa Mgongo. Hotuba aliyoitoa mbele ya makaa ikamtoka kichwani yote. Mguu wake wa kulia ukaanza safari ya Libya, na wa kushoto ukajitayarisha kuufuata.

Hapo Tafsit akanusa tende.

Akageuza shingo yake ndefu, akamtazama rafiki yake kwa mapenzi, akauma mkia wa kilemba, akavuta. Ghumur akavuta. Tafsit akavuta. Hakuna aliyepiga kelele, kila mmoja kwa sababu zake. Kisha ngamia, akiona huku hakuna heshima, akasimama, nyuma kwanza halafu mbele, kama mlima unaokumbuka kitu, akaanza kutembea kuelekea kwa mwenye mali yake, kilemba mdomoni.

Enyi mnaosikia, kilemba ni dhiraa kumi na sita. Dhiraa ya kwanza ikafunguka, na ya pili, na ya tano. Ghumur, asiyeweza kukiacha wala kukishika, akazunguka mahali pamoja kama pia. Aliona bendi, akaona milima, akaona bendi, akaona milima. Alipokoma kuzunguka alikuwa amesimama wazi, mbele za watu elfu moja, kichwa kitupu, ndevu zina majivu, na kinywa chake, kile ambacho jua la Bibi Mkubwa halikuwahi kukiangazia, kiko nje kabisa. Na kutoka miguuni pake, juu ya mchanga, njia ndefu ya buluu ilikwenda moja kwa moja mpaka mapajani mwa mama mkwe wake.

Makofi yakakatika. Kibuyu kikanyamaza. Wanawake wote walivuta pumzi kwa pamoja, na gitaa la Ilias peke yake likaendelea kuzunguka sauti zilezile tatu, likingoja. Nyuma ya umati Aghali, aliyekuja mbio asikose, alisikika akisema, "Ee Mungu, glasi nimeiacha hemani, leo nitakufa kwa kicheko."

Bibi Mkubwa alikuwa bado anaitazama bendi. Alikihisi kitambaa mapajani, akakigusa, akakipima kwa vidole viwili, akaona rangi ya nili imebaki vidoleni. Shingo yake ikaanza kugeuka.

Ghumur akaufunika mdomo kwa mikono miwili, akainua mguu kukimbia.

Na shingo ile ikasimama. Hakugeuka. Bibi Mkubwa akachukua ncha ya mtandio wake mweusi, akauvuta juu ya paji la uso, juu ya macho, juu ya pua, mpaka chini ya kidevu, akaukaza. Kisha akasema kwa sauti kubwa, akimwambia ngamia:

"Tafsit, mwambie huyo aliye nyuma yako kwamba hapa hakuna anayeona kitu. Wimbo una beti nne. Akae chini." Akaipiga ngoma kofi moja. "Nanyi mnasubiri nini? Mmelipwa mnyamaze?"

Makofi yakarudi. Kibuyu kikarudi. Na Ghumur mwana wa Alkabusi, huku mikono yake ikiwa mdomoni, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka kumi na mmoja mbele ya mwanamke yule. Alikaa.

Ilias akaimba:

*Gurudumu la kisima hulia alfajiri,*
*nani huliamsha kabla yangu?*
*Ndoo zangu hujaa, mlango wangu hufagiwa;*
*hata vumbi la miguu yake halibaki.*

*Mwaka wa ukame tandiko liliuzwa,*
*pumba zikafika mlangoni pangu.*
*Mlidhani nakoroma? Sikuwa usingizini:*
*nilikoroma ili apate kupita.*

Ghumur aliishusha mikono yake kutoka mdomoni bila kujua. Sasa hapakuwa na ngamia mbele yake wala mtu, na aliiona bendi yote: vidole vya Ilias juu ya ule waya wa breki, jasho la mpiga kibuyu, vumbi la dhahabu likiinuka penye viatu alivyovifahamu tayari. Alitazama kama mtoto atazamavyo mvua. Mwanamke mmoja mzee alijifuta pua. Aghali hakusema kitu chochote, na jambo hilo nalo tunaliandika, kwa kuwa halijatokea tena.

Gitaa likapanda. Ubeti wa mwisho ukaja:

*Lakini mkwe, eh mkwe wangu,*
*jambo moja, na nimelivumilia sana:*
*tende acha! Ngamia wangu amenenepa,*
*haingii tena zizini bila kusukumwa.*

Watu elfu moja wakageuka kumtazama Tafsit, ambaye alikuwa amesimama katikati ya uwanja, kilemba mdomoni, akiitafuna tende ya tatu.

Tumekwisha kusema kwamba hatutacheka, nasi hatucheki. Lakini wao walicheka, hata wageni wenye kofia kubwa ambao hawakuelewa neno, hata Ilias, aliyekosea uzi mmoja, wa pekee tamasha zima. Na Ghumur hakuondoka. Alikaa mpaka kofi la mwisho, mpaka uzi wa mwisho ulipokwisha kutetemeka, mpaka jenereta ikabaki peke yake ikisema. Katika muda wote huo Bibi Mkubwa aliketi amejifunika, akipiga makofi gizani mwake. Wimbo alioutunga kwa miezi miwili, aliokuwa akiwafundisha vijana wale korongoni juani, ulipigwa hatua nne kutoka puani pake, naye, baada ya ubeti wa kwanza, hakuona hata kidole kimoja cha Ilias.

Aghali ndiye aliyeleta kilemba. Kilikuwa na mate, na upande mmoja kilikuwa kifupi.

"Dhiraa kumi na tano na nusu," akasema. "Funga upesi, mama wa watu anataka kupumua."

Ghumur akafunga, mdomo, pua, vyote. Aghali akageuka akapaza sauti kuelekea ngomani, bila kumwambia mtu: "Amefunga!" Na kule mbele mtandio mweusi ukafunuliwa.

"Kwa hiyo redio?" akauliza Aghali.

"Haiendi popote."

"Nilijua tu. Mimi si nilikuwa nimeusikia wimbo wote?"

"Na ukaniacha nifungashe?"

"Ningekwambia, ungekunywa chai yangu kwa uso gani?"

Jioni Raishatu aliukuta mkoba mtupu umetundikwa penye nguzo ya hema, na mumewe akila kile kipande cha jibini. Akamtazama. "Ulifika ubeti wa mwisho?"

"Nilifika."

"Ukiwa umekaa?"

"Nikiwa nimekaa, mama watoto."

Akarudi kwenye uwele wake, lakini aliutwanga siku ile kwa mwendo wa wimbo.

Alfajiri iliyofuata gurudumu la kisima lililia kama kawaida. Ghumur akajaza ndoo, akafagia mlango, akafuta nyayo zake. Tafsit akaja, akamnusa kilemba. Ghumur akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa tende moja. Moja tu. Ndani ya hema la Bibi Mkubwa kulikuwa na mkoromo mkubwa, wenye nguvu na nidhamu. Tende ilipoingia mdomoni mwa ngamia, mkoromo ule ukasimama kidogo, kama unaohesabu. Kisha ukaendelea.

Basi jueni kwamba watu wa bonde hilo hawahesabu miaka yao kwa tarakimu. Kila mwaka hupewa jina kwa jambo lililoyapita mengine, na mwaka ule wazee walikuwa wamekwisha kukubaliana uitwe Mwaka wa Nzige Wachache. Wakakaa tena, siku mbili, wakajadili kwa hoja na kwa chai, glasi tatu tatu. Nzige walitetewa na mzee mmoja tu, aliyekuwa amepoteza shamba. Wakaafikiana. Nanyi mtakapouliza katika Aïr mtoto fulani kazaliwa lini, au kisima fulani kilichimbwa lini, mtaambiwa, kwa uso mkavu na bila maelezo, kwamba ulikuwa ni Mwaka Ghumur Alipokaa.